Neno Lililomfukuza Baba Kazini

Barua ilifika nyumbani kwetu Kijenge, Arusha, saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumanne. Saa hiyo baba aliiandika kwa penseli kwenye kona ya bahasha, kama alivyoandika saa juu ya kila kitu kilichomfikia: risiti, kadi za harusi, hata kalenda ya ukutani siku mbuzi wetu alipozaa. Bahasha yenyewe niliiona tena mwezi uliopita, tulipokuwa tunagawana vitu vya marehemu mama. Ilikuwa chini kabisa ya mkebe wa biskuti, na ilinuka mafuta ya taa. Niliifungua nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake, na kabla sijafika sentensi ya tatu nilikuwa tena mtoto wa darasa la sita, nimesimama katikati ya sebule, nawasomea watu wazima barua.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilikuwa imejaa kila baraza, na mashirika ya umma yalizungumzwa kwa sauti ya chini, kama mgonjwa aliyelazwa. Baba alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la shirika mojawapo, chini ya mlima Meru, mashariki ya mji. Kwenye karatasi aliitwa mhudumu wa maji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kisha shamba likapata mwekezaji, naye akaleta meneja mpya wa utumishi, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni na aliyependa Kiingereza kizito.

Baba alisoma Kiswahili vizuri, lakini Kiingereza chake kiliishia kwenye vibandiko vya dawa za mibuni. Mimi nilikuwa wa pili darasani kwa Kiingereza, na nyumbani hiyo ilitosha kunifanya mkalimani. Nikasoma. Sentensi ya kwanza ilisema shamba linapangwa upya. Ya pili ilisema wamekagua daftari la getini la miezi sita, na sahihi ya baba haimo. Ya tatu ilisema anafukuzwa kazi kwa sababu ya neno ambalo sikuwahi kuliona.

"Kwa sababu ya nini?" mama aliuliza.

"Peregrination."

"Ndiyo nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Na ada ya shule tunalipa ujifunze nini, kuruka kamba?"

"Mwache amalize," baba alisema.

Sentensi ya nne niliielewa yote, na ilikuwa mbaya kuliko ya tatu. Kwa kuwa anafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hatapata kiinua mgongo. Ya tano ilimpa siku kumi na nne za kujitetea kwa maandishi.

Kiinua mgongo kile mama alikuwa ameshakipangia matumizi. Cherehani ya miguu, ili aache kushona kwa mkono nguo za watu, na ada yangu ya sekondari. Alikuwa akiyataja mambo hayo mawili kwa mpangilio huo huo kila alipokuwa akikuna nazi au kuchambua mchele, mpaka nikaamini yameshafika, yapo tu chumba cha pili. Sasa aliketi, akafuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji.

Baba aliikunja barua. "Siwezi kujibu kosa nisilolijua," alisema. Kisha akaniita kama alivyoniita siku zote, kwa heshima ambayo akina baba wa kwetu huwapa binti zao. "Mama, litafute hilo neno. Zimebaki siku kumi na nne, kasoro leo."

Jirani yetu, Mama Happy, mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro aliyeuza mitumba kwenye baraza lake, alikuwa wa kwanza kutoa maana.

"Huo ni ugonjwa tu," alisema. "Shemeji yangu wa Marangu aliambiwa ana kitu kirefu hivyo hivyo. Wakamkata kidole."

"Mume wangu haumwi," mama alijibu.

"Basi kama haumwi." Mama Happy aliinama juu ya robota lake, akatoa sweta, akalikung'uta. Alidhani nimekwenda. "Mwanamume kazini hawamwoni, nyumbani mnamwona jioni. Mchana yuko mahali. Mimi sisemi kitu. Mimi nilimwona kule Lemara tu. Mara mbili."

Mama alilichukua lile sweta, akalitazama mbele na nyuma, akalirudisha.

Lazima nieleze nilichojua wakati ule, kwa kuwa kosa langu lilitokana na mambo hayo. Nilijua kwamba baba aliondoka kabla hatujaamka na kurudi jioni akiwa na matope mpaka magotini. Nilijua kwamba hakuwahi kunionyesha mahali anapofanyia kazi. Baba wa rafiki yangu alikuwa na meza benki. Baba wa mwingine alikuwa na kiti kwenye karakana ya magari. Wangu hakuwa na mahali ambapo ungeweza kusema, mkamwite. Na nilijua, kama kila mtoto wa mjini alivyojua, kwamba kuzurura ni kosa, na kwamba wazururaji hukamatwa na kupakiwa kwenye lori.

Kamusi ya shule ilikuwa ndogo na ilifungwa kwa kamba kwenye meza ya mwalimu mkuu. Iliruka kutoka perch hadi perfect, na katikati hapakuwa na kitu. Nilimfuata mwalimu wa Kiingereza wakati wa mapumziko.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza maana ya neno."

Alilisoma kwenye kiganja changu nilikoliandika. Akatazama dirishani, uwanja mzima, mpaka kwenye magoli.

"Liko kwenye silabasi?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kanawe mikono."

Siku ya kumi mama akanituma kwa Bwana Surjit. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa Arusha, mwenye karakana ya mbao si mbali na mto, na watu walisema nyumba yake ina vitabu vingi kuliko mbao. Nilimkuta anapima ubao wa podo, kapenseli kamekaa juu ya sikio, karibu na kilemba.

"Shikamoo, Bwana Surjit."

"Marahaba. Umetumwa misumari?"

"Hapana. Nimetumwa neno."

Aliuweka ubao chini. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumwagiza kitu hicho. Alinipeleka bombani, akasimama mpaka nikanawa mara mbili, kisha akashusha kutoka kwenye rafu kamusi kubwa, isiyo na jalada, iliyofungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya baba yake. Vumbi la mbao lilikuwa limeingia kati ya kurasa, na kila alipofungua ukurasa lilimwagika kidogo mezani, jekundu na laini.

"Hapa," alisema. "Andika mwenyewe. Uandike yote, usichague."

Maana ilikuwa mstari mmoja: kusafiri kutoka mahali hadi mahali, hasa kwa miguu. Ni kuzurura, basi, kwa herufi nyingi zaidi. Lakini Bwana Surjit alinigusa bega, akaonyesha kidole kwenye maandishi madogo yaliyofuata.

"Baba yangu alikuwa fundi kama mimi. Aliyapenda haya madogo. Alisema watu wote wanataka kujua neno linakwenda wapi, hakuna anayeuliza limetoka wapi."

Maandishi madogo yalianza kwa herufi moja, L, yenye nukta. Ikafuata peregrinus. Kisha per, kisha ager, kila moja na maana yake pembeni. Niliyanakili yote kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Kwenye ramani ya darasani kwetu herufi moja yenye nukta ilisimama badala ya jina la mahali. M. ilikuwa Moshi. D. ilikuwa Dodoma. Nami nilikuwa nimeshasikia kwa Mama Happy mahali ambapo L. ilikuwa. Kitabu kinene kuliko Biblia, kilichochapwa ng'ambo kabla sijazaliwa, kilijua kwamba jambo hili lilitoka Lemara.

Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka mpaka nilipopita miaka ishirini.

Jioni niliwasomea wazazi mstari wa kwanza tu. Maandishi madogo sikuyasoma. Nilifunga daftari, nikalikalia. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba mama hatasikia habari ya Lemara kutoka kinywani mwangu.

"Kutembea kutoka mahali hadi mahali," baba alirudia. "Kwa miguu."

"Hasa kwa miguu," nilisema.

"Basi ni kweli," baba alisema.

"Kweli nini?" Mama alisimama. "Baba nanihii, unakubali? Wakunyang'anye jasho la miaka kumi na tisa, na wewe unakubali?"

"Kama ndilo kosa, nimelifanya. Nimelifanya kila siku." Hakuwa anatania. Aliutazama mguu wake, kisha akanitazama mimi. "Keshokutwa Jumamosi, huendi shule. Chukua hilo daftari. Utakuja kuliandika hilo kosa langu, mahali hadi mahali."

Tuliondoka alfajiri. Tulipanda gari la maziwa lililokuwa linarudi tupu mpaka mwisho wa barabara, kisha tukapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa, mpaka migomba ikaisha na msitu ukaanza. Kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Mbega walikuwa wameshaamka juu ya miti, na mikia yao myeupe ilining'inia kama mataulo. Kilele cha Meru hakikuonekana; kulikuwa na wingu tu, na sauti ya mto.

Mahali pale mto uliwekewa ukuta mfupi wa mawe. Pembeni ya ukuta lilikuwapo lango la ubao, na mbele ya lango ulianza mfereji mkavu, upana wa hatua moja, ukichepuka kutoka mtoni na kupotea kwenye majani. Baba alitazama saa yake.

"Andika. Saa kumi na mbili na nusu. Lango la kwanza."

Akainua ubao.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile, na baadhi yake yalikuwa makubwa. Sijaona tena kitu kama kichwa cha maji kikiingia kwenye mfereji mkavu. Hayakuja kwa kasi. Yalikuja kama kitu chenye akili, yakinusa. Mbele yalisukuma majani makavu, na povu, na vijiti, na siafu waliokuwa wanakimbia wakibeba mayai yao. Nayo yalitoa sauti ya karatasi inayokunjwa. Harufu ya vumbi linalolowa ilipanda mpaka kifuani. Baba alishaanza kutembea. Alitembea kando ya kichwa cha maji, si mbele wala nyuma, akiwa na jembe begani, na kila takataka zilipojikusanya na kuziba aliinama akaziondoa, maji yakaendelea.

"Yanatembea mwendo wako," nilisema.

"Mimi ndiye ninayetembea mwendo wake."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Shamba lilihitaji maji mchana, kwenye mtambo wa kumenya kahawa, mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka pale. Njiani mfereji ulipita mashamba ya watu, na kila shamba lilikuwa na lango lake dogo, na kila lango lilikuwa na zamu yake ya jioni. Maji yakiachiwa peke yake hayafiki. Yanaziba, au yanavunja ukingo, au mtu mwenye nyanya zinazokauka anashindwa kuvumilia. Lazima mtu aje nayo. Akishayafikisha chini anageuka, anapanda tena, anafungua malango ya watu moja baada ya jingine kwa mpangilio wa siku ile. Getini mwa shamba, kwenye lile daftari la sahihi, mtu huyo hawezi kuwapo asubuhi wala jioni. Asubuhi yuko msituni na jioni yuko kwenye nyanya za watu.

Malango yalikuwa ishirini na matatu. Yalizibwa kwa vipande vya mgomba na udongo, na juu ya kila moja lilichomekwa jani la isale. Kwetu Meru isale ni mmea wa mpaka na wa kuombea msamaha. Hata mtu mwenye hasira hawezi kuling'oa jani lake akalala salama na nafsi yake. Baba alichomoa jani la jana, akachomeka bichi.

"Wakiona limenyauka?" niliuliza.

"Wanajua sikupita. Watakuja kunitafuta kama niko mgonjwa."

"Hawafungui maji?"

Alinitazama kama vile nimeuliza kama watu hula mawe. "Shamba haliajiri mlinzi hata mmoja kwenye mfereji huu," alisema. "Hukujua hilo. Na yule kijana wa ofisini hajui."

Nikaandika. Lango la nne, saa moja na robo, kwa mama mjane mwenye ng'ombe wawili, tulipewa uji. Lango la saba, kwa mzee aliyemtukana baba kwa furaha, akisema amechelewa dakika mbili na kwamba uzee umeanza kumla kutoka miguuni. "Na wewe umekuanza kichwani," baba alimjibu, na wote wawili wakacheka mpaka yule mzee akaanza kukohoa. Lango la tisa, kwa jamaa Wasabato waliokuwa wanavaa nguo za kanisani. Baba mwenyewe aliwazibia lango lao kwa udongo, wao wakimtazama kutoka mlangoni bila kushika kitu.

"Leo ni Sabato yao," alinieleza. "Kesho mimi niko kanisani, wao watatembea na maji. Andika hivyo."

Baada ya lango la kumi na moja, mfereji ulizunguka kilima. Nilisimama. Niliona kwa macho yangu maji yakipanda. Bonde lilishuka kulia kwetu, lakini mfereji uliambaa ubavuni mwa kilima na kuelekea juu, na maji yaliufuata bila wasiwasi wowote. Nikasema kwamba hiyo haiwezekani. Baba hakunisahihisha. Alichuma jani dogo, akaliweka majini, likaondoka, likapanda kilima mbele yetu, likapotea kwenye kona.

"Waliochimba hawakuwa na chombo cha kupimia," alisema baadaye. "Ardhi yote inashuka, mama. Huu unashuka polepole kuliko macho yako yanavyoona. Hata mimi bado huwa nasimama hapa."

Na kweli alikuwa amesimama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipita pale, na bado alisimama. Juu yetu wingu lilikuwa limefunguka kidogo na kozi mmoja, yule ndege mwindaji, alikuwa anazunguka mbele ya mwamba. Alikunja mabawa akaanguka kama jiwe, nami nikashika mkono wa baba.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. "Baba, na Lemara?"

"Lemara nini?"

"Mama Happy amekuona Lemara. Na kamusi imesema. Kuna L."

Nilifungua daftari, nikamwonyesha, machozi yakinitoka. Aliisoma ile herufi muda mrefu.

"Hii L siijui," alisema. "Lemara naijua. Kuna fundi wa katambuga. Anakata tairi la lori, si la gari dogo." Aliinua mguu, akanionyesha soli. Ilikuwa imelika upande mmoja mpaka nyuzi za tairi zilionekana. "Kila baada ya miezi minne zinaisha. Mama Happy angeniuliza, ningemnunulia na yeye."

Kisha akaniambia nimsomee maandishi madogo yaliyobaki. Nikasoma, nikitafsiri kwa shida. Per: kupitia, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ager: shamba. Neno lilitokana na mtu aliyekuwa amepita mashambani.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Baba alivua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia. Aliutazama mfereji nyuma yetu, kupitia kahawa ya mtu, mahindi ya mtu, migomba ya mtu, akautazama mbele.

"Na walioliandika hili ni watu wa wapi?"

"Ng'ambo."

"Zamani?"

"Zamani sana, nadhani."

"Kumbe wamelijua," alisema. Tukakimbia kidogo, kwa sababu maji yalikuwa yametupita.

Jibu tuliliandika Jumapili baada ya ibada, kwa Kiswahili, kurasa kumi na moja. Baba alitamka, mimi nikaandika. Lilianza hivi: Ninakubali kosa nililoandikiwa. Yafuatayo ndiyo maelezo yake. Yakafuata malango yote, saa zake, majina ya wenye mashamba, na sababu ya kusimama kila mahali. Mwisho aliweka sahihi. Mama aliyasikiliza yote akiwa ameshika sindano, bila kushona, na tulipofika lango la ishirini na tatu alisema kwa sauti ndogo, "Hukuniambia." Baba alisema hakujua kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

Jumatatu, siku ya mwisho, tulilipeleka pamoja. Meneja wa utumishi alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alidhani atasoma mara moja na kutia kwenye faili. Alifungua ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Ukurasa wa tatu alikaa.

"Nani ameandika hii?"

"Mkono ni wa mtoto, bwana. Miguu ni yangu."

Aliendelea. Kwenye lango la tisa aliinua kichwa. "Hawa Wasabato shamba linawalipa?"

"Hapana, bwana. Tunabadilishana siku."

"Na walinzi wa mfereji?"

"Hakuna."

"Sasa nani anazuia watu wasichukue maji?"

Baba alifikiri namna ya kumjibu. "Jani, bwana," alisema.

Yule kijana aliiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili, ingawa haikuwa na mkunjo. Taipureta ililia chumba cha pili.

"Mzee, lile neno nililichagua mimi," alisema. "Nilitaka kuandika utoro. Nikaona ni neno dogo."

"Umechagua vizuri. Nimelipenda."

Alimtazama baba kuona kama anadhihakiwa. Hakuwa anadhihakiwa. Akachukua kalamu, akakata kitu kwenye faili, akaandika kingine, polepole. Kisha alisema jambo ambalo nadhani lilimuuma kulisema. Shtaka analifuta. Lakini nafasi yenyewe haitarudi. Pampu ya dizeli imeshaagizwa, maji yatavutwa kutoka kisimani hapo hapo shambani. Baba atapunguzwa kazi kama wengine, kwa taratibu zote.

"Kwa hiyo sikufukuzwa," baba alisema.

"Hukufukuzwa, mzee."

"Na mfereji?"

"Mfereji ni wa nani?"

"Ni wa waliomo kwenye hizo karatasi."

"Basi kaa na nakala," meneja alisema, na akatuitia mpiga chapa ili apige nyingine.

Nilipoanza kazi ya kutunza stoo, kwa mshahara wangu wa pili nilinunua kamusi yangu, ndogo kuliko ile ya Bwana Surjit lakini yenye maandishi madogo. Hapo nikajua kwamba L ilikuwa Kilatini. Nikajua kwamba kwa watu wa Roma peregrinus alikuwa mgeni, mtu aliyetoka ng'ambo ya mashamba ya mji wao. Kwamba baada ya karne nyingi neno hilo hilo, likibadilishwa herufi chache na midomo ya watu, likawa jina la hujaji anayekwenda kuabudu mbali. Na kwamba aina moja ya kozi imeitwa kwa neno hilo kwa sababu wawindaji wa kale waliomfuga hawakumtoa kiotani, walimkamata akiwa safarini. Niliyasoma hayo saa za chakula cha mchana, nimekaa kati ya vipuri. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mgeni, mzururaji na hujaji ni watu watatu. Kumbe palikuwa na mahali ambapo watu waliwatazama wote kwa mbali, wakipita mashambani, na hawakuweza kuwatofautisha. Sijaacha kulistaajabia hilo. Kila neno ninalolifungua sasa naliuliza limepita mashamba ya nani.

Baba aliendelea kutembea na maji kwa miaka sita, bila mshahara, kwa gunia la mahindi kutoka kila lango msimu wa mavuno. Kiinua mgongo kilitoka baada ya wiki saba. Mhasibu alimsomea makato: mkopo wa blanketi, na jozi moja ya mabuti ya mpira ambayo hayakurudishwa stoo. Baba alisema mabuti yameisha, yako mferejini kipande kipande, waende wakayaokote. Mhasibu alicheka, lakini aliyakata. Baba akahesabu mara mbili, akatia sahihi, akaandika saa. Zilikuwa shilingi elfu sabini na moja, mia mbili na hamsini: cherehani, kisha ada yangu, kwa mpangilio ule ule wa mama.